Discovery 4 ya 2011, dizeli 3.0: nikague nini na nitenge kiasi gani kabla sijalipa?

NjiaPanda_Kibaha

Habari za jioni wakuu.

Kuna Land Rover Discovery 4 inauzwa Dar, ya 2011, injini ya dizeli 3.0 TDV6, giaboksi ya otomatiki ya gia sita. Iliingia nchini 2019 ikitokea Uingereza, na dashibodi inasoma kilomita 148,000. Bei imeshuka mpaka imekaribiana na ya Prado iliyochoka, na kwa gari la hadhi ile hilo pekee linaonyesha kuna kazi inamsubiri mnunuzi. Nataka kuijua kazi hiyo kwa tarakimu.

Dalili zilizoonekana ni hizi. Likilala usiku, asubuhi kona ya mbele kushoto imeshuka, tairi limezama ndani ya madigadi; likiwashwa linanyanyuka, ila linachukua kama dakika mbili. Ujumbe wa "HDC Fault" (HDC ni mfumo wa kudhibiti mwendo kwenye mteremko) na "Special Programs Off" unakuja na kuondoka wenyewe. Kwenye mwendo wa 70 hadi 80 kwa saa, mguu ukiwa mwepesi, gari linatetemeka kidogo kama linapita juu ya rasta. Hendibreki ya kitufe inatoa mlio mkali wa chuma inaposhika. Mbele kuna mlio wa kugonga kwenye mashimo. Kitabu cha sevisi kina mihuri ya Uingereza hadi 2016, baada ya hapo hakuna kitu.

Matumizi yatakuwa mjini siku za kazi, na safari ya Lushoto au Iringa mara moja kwa mwezi. Naomba wanaoyafahamu magari haya waniambie: kipi ni kidogo, kipi ni kikubwa, na kipi kikionekana niache gari pale pale?

---

Spana_17

Mkuu, dalili zako zote zinatibika, hata moja haitoshi kukufukuza. Kinachotakiwa kukunyima usingizi ni kile ambacho kwa kawaida hakitoi dalili: krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni.

Injini hiyo ni V6 ya ukoo mmoja na ile 2.7 iliyoanza kwenye Discovery 3 mwaka 2004, zao la ushirikiano wa Ford na Peugeot-Citroën. Ya 3.0 ikaja 2009 ikiwa na turbo mbili. Ina nguvu, ni tulivu, na inakula mafuta kwa adabu ukizingatia uzito wa tani mbili na nusu. Udhaifu wake uko chini. Beringi za meni, zinazoibeba krenki, ni nyembamba, na vipande vyake havina kile kikucha cha kuvizuia visizunguke. Vinashikiliwa na mkazo wa kofia zake peke yake. Oili ikichoka, au ikiwa nyepesi kwa kuchanganyika na dizeli, beringi moja inang'ang'ania krenki, inazunguka pamoja nayo, na tundu lake la oili linajiziba. Kuanzia hapo ni kavu juu ya kavu. Krenki inapata moto, inakatika. Dereva anasikia mlio mmoja mzito wa kugonga, injini inazima, mara nyingi bila taa ya oili kuwaka hata kidogo, kwa sababu presha kwenye njia kuu ya oili inabaki nzuri mpaka dakika ya mwisho.

Ratiba ya Uingereza ilichangia. Kule gari hili liliruhusiwa kwenda karibu kilomita 26,000 kati ya sevisi na sevisi. Kwa injini yenye beringi za namna hii huo ni umbali mrefu mno.

Kwa hiyo usikague gari bila kufungua filta ya oili. Ni filta ya karatasi, imekaa juu kwenye nyumba yake ya plastiki. Itoe, ikate kwa kisu kikali, kunjua mikunjo yote ya karatasi juu ya kitambaa cheupe, juani, siyo ndani ya gereji. Iache ijikamue robo saa. Kisha iinamishe huku na huku. Masizi meusi ni ya kawaida kwa dizeli. Unachotafuta ni mng'ao mdogo mdogo wa rangi ya fedha au wa shaba, kama vumbi la magamba ya samaki. Usitegemee sumaku peke yake, maana uso wa beringi hausikii sumaku. Sumaku itakuokotea chuma cha kwingine na utadhani uko salama. Ukiona mng'ao, rudisha funguo, shukuru, ondoka.

Muuzaji akikataa filta isifunguliwe, mwambie utanunua filta mpya na oili mpya kwa pesa yako. Akikataa na hilo, umeshapata jibu.

Hesabu yake sasa. Injini iliyotumika kutoka Uingereza inaanzia paundi 3,000 hivi bila uhakika wowote juu ya krenki iliyomo ndani, na iliyofunguliwa ikajengwa upya inapita paundi 6,000, kabla ya meli, ushuru na ufundi. Kuna mafundi watakuambia krenki itachongwa na kuwekewa beringi za ovasaizi. Mimi siwashauri watu hilo kwenye injini hii. Krenki iliyokwisha kupata moto imepoteza ugumu wa uso wake, na udhaifu uliosababisha tatizo uko pale pale.

Ukinunua: oili 5W-30 tu, yenye kiwango cha Ford WSS-M2C934-B kama gari lina DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi), au WSS-M2C913-C kama halina. Karibu lita 6 pamoja na filta. Kila kilomita 8,000 au miezi sita, kinachotangulia. Usikubali 20W-50 hata kama fundi ataapa kwamba joto la Dar linaihitaji. Matundu ya oili kwenye injini hii yalipimwa kwa oili nyepesi, na ile nzito inachelewa kufika juu kila asubuhi. Na kama kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka, hiyo ni dizeli inaingia kwenye sampu (bakuli la oili), kwa kawaida kutokana na DPF inayojaribu kujisafisha kwenye foleni bila kufanikiwa. Safari yako ya Lushoto kila mwezi itaisaidia sana.

---

Makupa_Cosway

Naunga mkono hapo juu, na nina nyongeza ya mikanda.

Kuna mkanda wa taimingi mbele, na kuna mwingine mdogo nyuma ya injini ambao wengi hawaujui. Wa mbele ukikatika, vali na pistoni zinagongana na vijiti vya roka vinavunjika. Wa nyuma unazungusha pampu ya dizeli ya presha kubwa; ukikatika gari linazima tu, lakini ukizima kwenye mteremko wa Sekenke na lori nyuma yako, hilo si jambo la "tu". Umri ni miaka saba au kama kilomita 160,000, na kwenye vumbi la kwetu punguza hata hapo. Gari la 2011 ambalo halina risiti ya mikanda lihesabie kwamba haijabadilishwa kamwe.

Kiti ya mbele ni mkanda, tenshena (kikazio) na rola yake. Paundi 100 hadi 200 kwa bei za Uingereza. Ya nyuma paundi 40 hadi 70. Fundi lazima awe na pini ya kufungia krenki na vifungio vya kamshafti. Anayetaka kuweka alama za chokaa na kubahatisha, mwondoe kwenye gari. Na msiichanganye na Discovery 3: kwenye ile 2.7 ya miaka ya mwanzo, tenshena imefungwa kwenye nyumba ya pampu ya oili, na nyumba hiyo ilikuwa ikipasuka; pale pampu hubadilishwa pamoja na mkanda.

Jambo la pili, ndugu yangu, liko kwenye karatasi. Gari la Uingereza lina historia ya ukaguzi wa kila mwaka, MOT, na serikali yao imeiweka wazi mtandaoni bure. Unahitaji namba ya usajili ya kule; iko kwenye V5C (kadi ya usajili ya Uingereza) au karatasi za kusafirishia. Utaona maili za kila mwaka na maonyo ya mkaguzi: bushi zimechoka, mabomba ya breki yana kutu, tairi limelika upande mmoja. Linganisha maili na dashibodi yako. Zidisha kwa 1.609.

---

Upepo_wa_Kusi

Suspensheni. Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Gari linabebwa na mifuko minne ya hewa, kompresa moja, tangi moja, na valvu tatu: ya mbele, ya nyuma na ya tangi. Kuvuja kidogo kwenye kona moja kunailazimisha kompresa ifanye kazi kila wakati, hivyo kompresa inayokufa mara nyingi imeuawa na mfuko au kifungo cha bomba. Ukibadilisha kompresa ukaacha uvujaji, ndani ya miezi utanunua nyingine.

Kuna mtego kwenye kupima. Gari hili likiegeshwa umeme wake haulali kabisa. Kompyuta ya suspensheni inaamka kila baada ya saa kadhaa, inatazama kona iliyo chini kuliko zote, kisha inashusha nyingine zote zilingane nayo. Ndiyo maana wengine wanaona gari zima limelala na wanaambiwa "mifuko yote minne imeisha". Jioni, liegeshe pahala tambarare, lipandishe kimo cha kawaida, zima, chomoa fyuzi ya suspensheni. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, andika. Asubuhi kabla ya kugusa kitu chochote pima tena. Kona moja pekee imeshuka: mfuko wake, bomba lake, au mlango wake kwenye valvu. Mbele yote imeshuka kwa usawa: tazama valvu ya mbele.

Halafu maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, gari likiwa kwenye kimo cha juu. Anza juu kabisa ya mfuko pale bomba linapoingia, kisha mkunjo wa chini wa mpira, kisha vifungo vya valvu. Mkunjo wa mpira ndio unaopasuka, nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, na vumbi likiingia mle linasaga. Kama kinachovuja ni kifungo cha bomba, kata milimita tano za ncha kwa wembe, mkato ulionyooka, weka kifungo kipya. Hiyo ni kazi ya nusu saa na gharama yake ni ndogo sana.

Kuhusu kompresa: iko chini ya gari upande wa kushoto, ndani ya kifuniko cha plastiki. Kutoka kimo cha kupandia abiria hadi cha kawaida, tangi likiwa limejaa, haipaswi kuzidi nusu dakika hivi. Dakika mbili ni kwamba tangi ni tupu na kompresa inasukuma peke yake. Kwa mashine ya kupimia soma presha ya tangi. Kompresa nzima inaifikisha karibu baa 16. Kabla ya kuihukumu, badilisha rilei yake kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Ni kitu cha bei ndogo, kinaungua miguu, na kinatoa dalili ile ile ya kompresa iliyokufa.

Kompresa za kiwandani za miaka ile ni Hitachi. Inayouzwa sasa badala yake ni AMK, paundi 300 hadi 450, ila inataka kompyuta ya suspensheni iwekewe programu mpya, vinginevyo italeta hitilafu zake. Mfuko wa mbele wa Dunlop ni kama paundi 250 hadi 350. Shokapu nzima ya kiwandani ni zaidi ya 600. Usinunue mifuko isiyo na jina.

Utaambiwa pia uitoe hewa uweke springi za chuma. Inawezekana, kiti zipo. Lakini utapoteza vimo vya gari, na kile kitufe cha kuchagua aina ya njia kinabaki nusu ya kazi yake. Gari litakuwa zito, refu, linaloyumba kwenye kona za Lushoto. Mtu anayetaka springi za chuma atafute gari lililobuniwa na springi za chuma.

---

Mlima_Nyoka

Ujumbe wa HDC: anza na swichi ya taa za breki juu ya pedali. Kama paundi 20.

Ndani yake kuna mawasiliano mawili yanayopeleka habari kwenye kompyuta ya ABS. Yakichakaa, kwa sekunde moja tu yanapishana: moja linasema mguu uko kwenye breki, jingine linasema haupo. ABS ikikosa imani na breki, inazima HDC, inazima programu maalumu, na wakati mwingine inavuta mpaka ujumbe wa suspensheni na wa giaboksi. Mwenye gari anadhani gari zima limekufa. Kuna watu wameuza magari haya kwa bei ya kutupa kwa sababu ya swichi hiyo. Toa plastiki ya chini ya usukani, zungusha swichi robo mzunguko, inatoka.

Pima betri siku hiyo hiyo. Ikiwa imelala bila mzigo isome 12.6, wakati wa kuwasha isishuke chini ya 10, injini ikiunguruma iwe 14 na kitu. Betri dhaifu kwenye gari hili inazaa hitilafu kumi ambazo hazipo.

---

NjiaPanda_Kibaha

Ahsanteni sana wakuu. Matokeo ya mpaka jana:

Filta imefunguliwa juani kama alivyoelekeza Spana_17. Masizi tu, hakuna mng'ao. Kona ya mbele kushoto imeshuka milimita 38 usiku mmoja fyuzi ikiwa nje, nyingine tatu hazikusogea. Sabuni imechemka kwenye mkunjo wa mpira. Presha ya tangi imeishia baa 9.

Namba ya Uingereza imepatikana. MOT ya mwisho, 2019, inasoma maili 121,000. Na kuna maonyo mawili: bushi za mikono ya chini mbele, na mabomba ya breki ya nyuma yana kutu juu juu.

---

Makupa_Cosway

Maili 121,000 ni karibu kilomita 194,700. Yaani kabla halijagusa bandari lilikuwa limeshazidi dashibodi ya leo kwa karibu kilomita 46,700, na baada ya hapo limetembea miaka kadhaa. Saa ya kilomita imerudishwa nyuma, au dashibodi imebadilishwa.

Umbali halisi bado unaweza kukisiwa. Mwombe mwenye mashine ya Land Rover asome kumbukumbu za hitilafu kwenye moduli (kompyuta ndogo) zote za gari, siyo ya injini peke yake. Hitilafu nyingi huhifadhiwa pamoja na kilomita za wakati ilipotokea, na anayerudisha saa kwenye dashibodi aghalabu hagusi kumbukumbu hizo. Chukua namba kubwa kuliko zote utakayoiona, hiyo ndiyo ya chini kabisa ya kuamini.

Huu si uchafu wa kusamehe kwa sababu filta ni safi. Gari lenye kilomita 148,000 na lenye zaidi ya 200,000 yana bei mbili tofauti, na mikanda yake ilishapitiliza muda. Usilipe chochote kabla muuzaji hajaona karatasi hiyo.

---

Spana_17

Nakubaliana naye kwa yote. Filta safi kwenye kilomita hizo ni habari njema kweli, maana kuna krenki za injini hizi zilizoondoka kabla ya hapo. Lakini inakuambia hali ya leo tu. Badilisha oili, tembea kilomita 1,000, fungua filta tena. Ikitoka safi mara ya pili, hapo imani yangu inapanda.

Sasa hiyo rasta unayoihisi. Ni klachi ya ndani ya toki konvata (kiungo kati ya injini na giaboksi) inayoteleza wakati wa kufunga, kwenye mizunguko 1,500 hadi 1,700, gia za juu, mguu mwepesi. Giaboksi ni ZF ya gia sita. Land Rover waliandika oili yake ni ya maisha yote. ZF wenyewe, waliotengeneza, wanataka ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwenye gari lako huenda ni ile ile ya kiwandani.

Sampu yake ni ya plastiki na filta imeunganishwa humo humo, inabadilishwa nzima. Pamoja na oili lita 7 hivi ni paundi 150 hadi 250. Tumia Lifeguard 6 ya ZF au inayolingana nayo kwa maandishi. ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) nyekundu ya dukani itaimaliza. Mambo matatu ya kumsimamia fundi: kwanza, afungue plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, kwa sababu ya kujazia ikigoma ilhali oili imeshamwagika, gari limebaki pale pale. Pili, kiwango kinapimwa injini ikiunguruma, oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50, baada ya kupitisha gia zote moja moja. Akipima injini imezimwa, amepunja. Tatu, baada ya kazi afute kumbukumbu za mazoea ya giaboksi kwa mashine, ijifunze upya.

Mara nyingi mtetemo unaisha au unapungua sana. Usipoisha baada ya kilomita mia kadhaa, konvata yenyewe imelika, na hiyo ni kushusha giaboksi.

---

Bushi_na_Balijointi

Mlio wa kugonga wa mbele MOT imeshakuambia ni wa nini. Bushi za mkono wa chini, ile ya nyuma hasa. Zikilika gari linatangatanga barabarani, linavuta upande likipigwa breki, na tairi linalika bega la ndani.

Nunua mikono mizima miwili yenye bushi na balijointi zake, Lemförder ni paundi 130 hadi 180 kila mmoja. Na agiza bolti zake hapo hapo, msisubiri. Bolti zile za kurekebishia alaimenti zinashikana na chuma cha ndani ya bushi, hasa gari lililopita kwenye chumvi ya barabara za Uingereza wakati wa baridi, na kwa kawaida zinatoka kwa kukatwa na grainda. Gari litakaa juu ya mawe wiki mbili likisubiri bolti mbili.

Kukaza kwa mwisho kufanywe gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida. Fundi akikaza miguu inaning'inia kwenye jeki, gari likishushwa mpira wa bushi unakuwa umejisokota siku zote, na ndani ya mwaka umechanika. Hii ndiyo sababu ya watu wengi kusema "spea za siku hizi hazidumu". Baada ya hapo alaimenti, lazima.

Hendibreki: ndani ya diski za nyuma kuna dramu yenye shuu ndogo. Shuu zikilika, mota inavuta kamba mbali kuliko kipimo chake, inaruka meno, ndiyo mlio huo. Ukiuacha, mota inakufa, na mota ni paundi 400 na zaidi. Shuu ni 30 hadi 50. Vua diski za nyuma, puliza vumbi lote, tazama unene na springi, rudisha, kisha kaza kirekebishi mpaka gurudumu ligome kuzunguka, rudisha nyuma meno kumi. Pande zote mbili sawasawa. Nati za magurudumu 140 Nm. Kwa njia za vumbi rudia kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Mabomba ya breki yenye kutu nisingeyaacha hata wiki. Kutu "ya juu juu" ya 2019 leo siyo ya juu juu. Futa kwa brashi ya waya polepole. Ukikuta mashimo madogo, mabomba mapya ya shaba na nikeli.

---

Upepo_wa_Kusi

Baa 9 inatosha kunipa jibu. Mfuko wa mbele kushoto umeichosha kompresa. Badilisha mifuko ya mbele yote miwili pamoja, kwa sababu wa kulia una umri ule ule, kisha kompresa. Kwa mpangilio huo, siyo kinyume.

Na usiku wa kwanza mvua ikinyesha, tazama zulia la abiria wa mbele. Mifereji ya paa la kioo inaziba majani na maji yanaingia kwenye boksi la fyuzi nyuma ya dashibodi. Mimina kikombe cha maji kwenye kila pembe ya mbele ya paa. Yasipotokea chini karibu na tairi ndani ya dakika moja, mfereji umeziba.

---

NjiaPanda_Kibaha

Swali la mwisho. Kuna anayenishauri niache dizeli nichukue 5.0 V8 ya petroli iliyotoka Japan, kwamba haina shida ya krenki. Na mwingine anasema nirudi kwenye Prado 150 ya dizeli.

---

Makupa_Cosway

Zilizotoka Japan karibu zote ni petroli, ni kweli, na miili yake haina kutu. Lakini 5.0 V8 za 2010 hadi 2012 zina ugonjwa wa cheni za taimingi: ncha ya tenshena inachimba kwenye reli inayoongoza cheni, cheni inalegea, na injini ikiwashwa baridi inatoa mtatariko wa sekunde chache. Pia kuna mabomba ya maji ya plastiki, mbele na nyuma ya injini, yanayopasuka kwa joto na kumwaga kulanti. Injini ikichemka mara moja, hedi zinapinda. Ukitaka hiyo, nenda alfajiri injini ikiwa baridi kabisa, boneti wazi, sikiliza sekunde kumi za kwanza. Unywaji wake wa mafuta kwenye foleni utauona mwenyewe.

Kwa sisi wa Kenya mjadala huu ni wa magari yaliyomo nchini tayari, maana kanuni ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane imeshaifungia Discovery 4 mlango wa bandari. Ilikoma kutengenezwa karibu miaka ya 2016 na 2017. Kwa hiyo historia ya fundi wa hapa ina thamani kuliko mihuri ya kule.

Prado 150 yenye injini ya dizeli ya 1KD nayo si malaika: nozeli zikivuja zinatoboa pistoni. Tofauti ni kwamba spea ziko kila mji na kila fundi anaijua. Kama huna gari la pili la kukupeleka kazini Discovery ikiwa juu ya mawe, chukua Prado.

---

Spana_17

Jumlisha hivi: mifuko miwili ya mbele na kompresa, paundi 800 hadi 1,150. Mikanda yote, 140 hadi 270. Giaboksi, 150 hadi 250. Mikono miwili, 260 hadi 360, na bolti juu yake. Swichi na shuu, 50 hadi 70. Inakuja kama paundi 1,400 hadi 2,100 za spea tupu, kisha usafiri, ushuru na ufundi. Mabomba ya breki hayamo. Kiasi hicho chote kitoke kwenye bei ya muuzaji, pamoja na tofauti ya kilomita zilizofichwa, na baada ya hapo bado ubaki na akiba ya injini pembeni.

Hatua ya kwanza ya yote, kabla hata ya mfuko wa hewa, ni mikanda. Gari lisitoke Dar kwenda Lushoto kabla mikanda haijabadilishwa.

---

NjiaPanda_Kibaha

Nimeelewa mkuu. Muuzaji ameonyeshwa karatasi ya MOT leo, ameomba siku mbili. Moduli nyingine zinasomwa kesho asubuhi. Nitaleta hapa namba kubwa itakayopatikana.